Mwenye Sifuri Haondoki

Tulimwita Mwalimu, ingawa nilipomjua hakuwa tena na darasa. Alikuwa amestaafu kufundisha hesabu kabla mimi sijamaliza chuo. Siku niliyoripoti kazini katika kampuni ya wasanifu majengo pale Kitale, nikiwa na shahada mpya na viatu vipya, nilimkuta kwenye dawati lililo chini, karibu na ngazi, akimenya njugu na kutupa maganda ndani ya droo ya mtu mwingine. Nikaambiwa huyu mama ndiye anayeipeleka kampuni kwa watu. Nilidhani ni dereva wetu.

Kumbe kazi yake ilikuwa hii: kila tulipopewa jengo la umma, iwe shule, soko, kanisa au zahanati, yeye alitangulia kwenda kukaa na watu watakaolitumia. Jumamosi alizunguka shule za msingi za Trans Nzoia na Bungoma akiwafundisha watoto kwamba jengo si kitu kinachoota chenyewe, kuna mtu aliyeamua dirisha likae pale. Katika vitabu vya kampuni cheo chake kilikuwa kirefu, cha maneno matano. Mwenyewe hakukitumia hata mara moja. Akiulizwa na chifu yeye ni nani, alijibu, "Mimi ni wa kamba."

Kamba yenyewe ilikuwa ya katani, mita thelathini, yenye fundo kila baada ya mita. Ilikuwa imelainika kwa kushikwa. Ofisi yetu ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi la familia ya Kisikh, na mzee wa duka alikuwa akimtania kila asubuhi, "Mama Mwalimu, tupa hiyo, nikukatie mpya, hiyo iko na umri kuliko mimi." Naye humjibu, "Hiyo mpya yako inavutika, mzee. Hii yangu imemaliza kuvutika." Wakacheka wote wawili kama vile ndiyo mara ya kwanza. Pamoja na kamba alibeba mkebe wa jivu, ambalo alilipata bure kwenye hoteli ya ng'ambo ya barabara.

Ncha moja ya kamba ilifungwa uzi mwekundu wa sweta. Hiyo ndiyo sifuri. Anayeshika sifuri hana kazi nyingine ila kusimama. Vipimo vyote vinaanzia kwake. Mwalimu alikuwa na sheria moja aliyoitamka kwa sauti ya gwaride: "Mwenye sifuri haondoki!" Nyuki akija, haondoki. Akiitwa na mama yake, haondoki. "Ukihama hatua moja," alikuwa akiwaambia watoto, "nyumba yote inapinda, na hakuna atakayejua ilipindia wapi. Wewe tu ndiye utajua." Nilisikia maneno hayo mara nyingi hadi nikaacha kuyasikia.

Alikotoa mtindo wake wa kazi sijui, sikuwahi kumwuliza, na ni moja ya mambo mengi ambayo ningemwuliza leo. Alichukua mchoro wetu, akaenda kwenye kiwanja chenyewe, akauchora wote chini kwa kamba na jivu, ukubwa ule ule wa jengo. Kisha aliwaambia watu waingie. Si kutazama, waingie. Mlango ni pale jivu lilipokatika. Ukipita kwingine umepita ukutani, na alikufokea kweli. Aliita jambo hilo kutembeza jengo. Karani wa mikutano alipoandika "kuwashirikisha wadau", Mwalimu alilifuta neno wadau kwa kalamu yangu, kalamu ambayo hakunirudishia, akaandika "watu".

Nilimwona akitembeza jiko la kanisa moja karibu na Kamukuywa. Akina mama waliombwa walete sufuria yao kubwa ya matanga, ile inayobebwa na watu wawili. Wakaibeba, ikiwa tupu, ndani ya jivu, kutoka jikoni kwenda ukumbini, na walipofika mlangoni mmoja alilazimika kutembea kinyumenyume. Mwalimu akawasimamisha. "Sasa ni uji wa moto," akasema, "na mvua imenyesha." Wale mama wakacheka hadi wakaweka sufuria chini. Mlango tukaupanua siku hiyo hiyo, kwa kufuta jivu na mguu.

Huko Malakisi, katika shule ambayo watoto wake walikuwa wakitoka darasani kwenda kuwasaidia wazazi kwenye mabanda ya tumbaku, aliwauliza darasa la sita ni jengo gani wanalolijua vizuri kuliko yote. Wakasema banda. Akawaambia walichore. Kila mtoto alijua upepo unaingilia wapi na kwa nini. "Haya," akasema, "mmeijengea tumbaku nafasi ya kupumua. Hili darasa lenu linapumulia wapi?" Wakapima. Baadaye alimketisha mwalimu mkuu kwenye dawati la nyuma kabisa akamwomba asome ubaoni. Mwalimu mkuu alikodoa macho, akaweka mkono kwenye paji la uso, akasema mwanga wa dirisha unamzuia. "Na hawa je?" aliuliza Mwalimu. Tuliporudi muhula uliofuata ubao ulikuwa umehamia ukuta mwingine, na hakuna aliyetuambia lolote kuhusu hilo.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na ulimi wa shubiri. Alichelewa kila mahali, halafu akalaumu barabara hata kama alikuwa ametembea kwa miguu. Alikataa katakata kujifunza kompyuta, na si kwa uzee. Alikataa kwa kiburi, akisema kioo kinamfanya mtu aone kwamba amemaliza. Mtoto akikosea kuhesabu mafundo aliweza kumwita mbumbumbu mbele ya wenzake, kisha dakika tano baadaye akampa njugu. Hakuomba radhi. Njugu ndizo zilikuwa radhi, na ulipaswa kulielewa hilo mwenyewe.

Aliogopa ngazi pia. Mtu anayefanya kazi na wajenzi, na hakuwahi kupanda hadi ghorofa ya pili alikokaa bosi. Bosi ndiye alishuka. Watu walidhani ni ujeuri, hata bosi mwenyewe nadhani aliona hivyo, lakini mimi nilimwona siku moja akijaribu: vidato vitatu, akasimama, akashika ukuta, akarudi taratibu. Aliponiona alisema, "Nimesahau miwani." Miwani ilikuwa usoni.

Na yeye aliyewaeleza wengine habari za dirisha na upepo alikuwa amepanga chumba kimoja mtaani, chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba angeweza kuugusa. Nilipomtembelea aliponunua kitanda kipya nilimuuliza, kwa utani, mbona asijenge kwao Kamukuywa. "Nimejenga nyingi," akasema. "Sema tu mvua inazifuta."

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa wa vyoo vya soko. Nilikuwa nimeukeshea, mistari yake ilikuwa mizuri, na niliupenda jinsi mtu anavyopenda mtoto wa kwanza. Mwalimu akauweka chini kwa jivu, umati ukakusanyika, kisha akanigeukia. "Akitekti, wewe ndiye uliyechora. Ingia kwanza." Nikaingia. "Sasa toka." Nikatoka, na pale pale nikajikuta nimetazamana na watu wote wa stendi, wauza ndizi, makanga wa matatu, na mchungaji aliyekuwa akingoja gari. Mtu akapiga kelele, "Pole bana, imetoka poa?" Soko zima likaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu hakucheka. Aliinama, akafuta mlango wangu kwa mkono, akauchora upande mwingine, akasema polepole, mimi peke yangu nisikie, "Karatasi haina mguu, mwanangu."

Nilimchukia kwa wiki moja. Baada ya hapo sikutaka kwenda popote bila yeye.

Kusifu alikuwa hajui. Kwa miaka minne niliyofanya naye kazi alinisifu mara moja, huko Kanduyi, siku ya maonyesho ya shule uwanjani. Kampuni yetu ilikuwa na hema, na watoto wa darasa la tano walikuja kupima maktaba waliyoibuni wenyewe. Siku zote sifuri ilishikwa na mtoto, na Mwalimu alichagua yule asiyetulia. Siku hiyo aliniita mimi. "Shika hapa." Watoto walivuta kamba huku na huko, wakagombana, wakaanza upya, jua likawaka, na muziki wa spika za hema la jirani ukanipigia sikioni. Nilisimama. Mkono ulikufa ganzi. Jioni tukikunja kamba akasema bila kunitazama, "Leo hukuhama." Nilienda nyumbani nikiwa na furaha ambayo shahada haikunipa. Nayaandika haya nikiwa najua kilichofuata, na bado ile furaha naikumbuka vizuri kuliko aibu.

Kilichofuata ni kwamba kampuni ilinunua projekta. Pamoja nayo tulipata programu ya kompyuta inayochora jengo kana kwamba limeshajengwa, na miti, na watu weupe weupe wa kivuli wakitembea ndani. Wafadhili waliipenda. Katika kikao bosi alisema Mwalimu anatumia siku tatu kwa jambo ambalo projekta inalimaliza kwa saa moja. Akatuuliza kama kuna mwenye maoni. Nilikuwa na maoni. Nilikuwa na sufuria ya matanga, na ubao wa Malakisi, na vyoo vyangu mwenyewe. Nikatazama meza. Mimi ndiye niliyekuwa nikiijua programu ile kuliko wote, na kila mtu alikuwa ameshanipongeza.

Aliagwa kwa keki na soda. Mgeni wa heshima alianza hotuba na usipoziba ufa utajenga ukuta, methali ambayo hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele ya kampuni yetu asiitumie, akidhani yeye ndiye wa kwanza kuikumbuka. Mwalimu alikuwa akizihesabu. Akaniinamia, akaninong'oneza, "Ya hamsini na tatu." Zawadi aliyoomba ni kamba yake tu. Wakati wa kutoka, nikimshika mkono, aliniuliza juu ya kazi iliyokuwa mbele yetu, zahanati ya kijiji kimoja nyuma ya Kamukuywa, sehemu za kwao. "Mtatembeza?"

"Tutatembeza, Mwalimu."

Hatukutembeza. Tulifunga shuka jeupe kwenye ukuta wa kanisa, tukawasha jenereta, nikawaonyesha zahanati yao ikizunguka hewani. Watu walipiga makofi. Watoto walitaka irudiwe. Ilikuwa zahanati nzuri, naapa, yenye ukumbi mmoja mrefu uliotoka mlangoni hadi chumba cha kujifungulia, na benchi la kusubiria upande mmoja wa ukumbi. Mama mmoja mzee aliyekaa mbele, mwenye kitambaa cha kijani kichwani, aliinua mkono. "Na mrango ni moja?"

"Moja, mama," nikasema, "lakini ni kubwa."

Akatikisa kichwa. Nikaendelea na picha nyingine.

Sasa, mimi si mgeni. Mama yangu ni Mbukusu wa Bungoma, ingawa nilikulia mjini Kitale. Maisha yangu yote nilimwona nyanya yangu akija kwetu na kumsalimia baba yangu kutoka ng'ambo ya ua. Hawakushikana mikono. Hawakukaa chumba kimoja. Baba akitoka nyumbani, nyanya aligeukia mahindi. Nyanya akipita, baba aliondoka njiani. Hiyo ndiyo heshima ya mkwe na mama mkwe, na hakuna aliyenifundisha, nililelewa nayo. Halafu nikachora ukumbi mmoja, mlango mmoja, na benchi moja, mahali ambapo mke anapojifungua mume wake na mama yake mzazi lazima wafike wote wawili. Nilijua na sikujua. Kama ningewekewa jivu chini, nikawaona wale mama wakifika pale mlangoni wakasita, ningeelewa kabla hawajafungua kinywa.

Bado hilo si kosa langu kubwa. Kukosea ni kazi ya kila msanifu. Kubwa ni la fomu. Wafadhili walikuwa na fomu ya kuthibitisha kwamba wananchi walishirikishwa, na sehemu moja iliuliza: nani aliongoza? Nikamuuliza bosi. Akasema, "Weka Mwalimu, si huko wanamjua." Ilikuwa saa tano asubuhi, nilikuwa na chai mezani, hakuna aliyenishikia fimbo. Nikaandika jina lake, majina yote matatu. Chini yake paliulizwa kama watu walitembezwa kiwanjani, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wale wafadhili swali hilo zamani. Nikaandika ndiyo.

Sikujua kwamba maneno ya fomu yangechorwa kwenye ubao wa matangazo na kupigiliwa misumari kando ya mlango wa zahanati. Hivyo ndivyo sheria zao zinavyotaka, uwazi. Miaka miwili jina lake likakaa pale.

Katika miaka hiyo miwili sikumpigia simu. Mwanzoni nilikuwa na shughuli, baadaye nikawa na haya, na mwishowe haya ikawa ndiyo shughuli. Programu ya shule ilikufa kimyakimya. Jumamosi tulianza kulala. Kisha sista wa zahanati ile akapiga simu ofisini kulalamika kwamba grili ya dirisha la mwisho wa ukumbi inang'olewa kila ikirudishwa. Bosi akanituma nikaone ni wahuni gani hao.

Nilifika mchana, mawingu yakiwa yameshuka hadi kwenye miti. Chini ya dirisha lile, kwenye ukuta wangu mweupe, niliona alama za viatu. Nyingi. Viatu vya mpira, viatu vya ngozi, na jiwe kubwa la kukanyagia limewekwa hapo chini vizuri kabisa. Sista, msichana mchangamfu mwenye sweta ya bluu, alikuja akasimama kando yangu.

"Ni wezi?" nikauliza.

"Wezi wa nini? Ni wakwe." Akacheka, kisha akaona uso wangu haucheki naye. "Si bwana anakaa hapo kwa benchi, mama mkwe akifika mlangoni hawezi ingia. Na bwana hawezi toka, atapita karibu na yeye. Sasa mimi naita, mkwe anatoka! Anatoka kwa dirisha, anazunguka nyuma. Tunaishi hivyo. Wengine hawaji kabisa. Kama mama yake hawezi kuwa karibu, anasema afadhali azalie nyumbani. Wiki jana nililetewa mmoja amechelewa. Tulimuokoa, lakini amechelewa."

 Nikazunguka kwenda mbele, na pale kwenye nyasi, karibu na mlango, walikuwa wamekaa mama watano wamejifunga leso, wengine na vikapu vya uji. Mmoja alikuwa na kitambaa cha kijani. Mwingine alikuwa Mwalimu.

Alikuwa amepungua. Miwani ilikuwa mikubwa kwake. Alikuwa akimenya njugu, na maganda alikuwa akiyatia kwenye kikapu cha mama wa kando.

"Mulembe, Akitekti," akanisalimia. "Umechelewa."

Nilikaa kwenye nyasi mbele yake. Akaniambia kwamba binti yake wa mwisho ameolewa kijiji hiki, yuko ndani tangu alfajiri, mtoto wa kwanza. Mkwe yuko kwenye benchi. Aliyasema kama mtu anayeeleza ratiba. Ubao wa matangazo ulikuwa nyuma ya kichwa chake, na jina lake lote nililisoma kutoka pale nilipokuwa.

"Umeuona," nikasema.

"Nina macho."

"Wanakulaumu wewe?"

"Walikuja kuniuliza. Nikawaambia ni kweli, nilikosea, nilizeeka."

"Kwa nini hukusema hukuwepo?"

Akatafuna kwanza. "Ningesema sikuwepo, wangeuliza ni nani alikuwepo. Na wewe bado una miaka mingi ya kuchora."

Kuna watu wanaoweza kukuadhibu kwa kukutetea. Nililia pale, mbele ya mama za watu, nikiwa na beji ya kampuni shingoni. Hakunibembeleza. Akangoja nimalize, akasema kwa ile sauti ya zamani ya darasani, "Nilikuwa upande wa pili wa kamba. Niliisikia ilipolegea. Sasa inuka, uwaambie."

"Leo?"

"Unangoja nani?"

Nikainuka. Nimeongea mbele ya magavana na haikuwa ngumu hivyo. Niliwaambia kwamba Mwalimu hakuwepo, alikuwa ameshaachishwa kazi. Kwamba niliyechora ni mimi, niliyewaonyesha picha kanisani ni mimi, niliyejibu kuhusu mlango ni mimi, na niliyeandika jina lake ni mimi. Nikasema nisameheni. Nikamaliza, ng'ombe wa mtu akalia huko chini.

Yule mama wa kitambaa cha kijani akapangusa mdomo. "Sisi tulijua kitambo," akasema.

Mwalimu akageuka. "Mlijua nini?"

"Ati wewe unaweza kujenga kitu bila kututembeza? Ile jikoni ya kanisa ulitutembeza mpaka miguu ikavimba. Kwani sisi hatuna akili, Mwarimu? Tulisema tu, kama anataka kubeba, tumuache abebe. Mwenyewe atakuja."

"Miaka miwili nawaambia nimekosea!"

"Na sisi tunakubali. Si ungesikia vibaya?"

Sikuwahi kumwona Mwalimu hivyo. Alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa, akaivua tena. Mdomo wake ulikuwa unatafuta tusi la kuwapa na haukulipata. Mwishowe alichota njugu zote zilizobaki, akamwekea yule mama mkononi.

Ndipo mtoto alipolia ndani. Kilio chembamba, halafu kikapata nguvu. Mama wote wakainuka pamoja. Mwalimu alipiga hatua mbili, akasimama pale pale mlango unapoanzia, kwenye kizingiti nilichokichora kwa fahari, na hakuweza kukivuka. Mjukuu wake alikuwa akilia hatua ishirini kutoka hapo.

"Mkwe anatoka!" sista akaita.

Wote wakageukia mashamba. Nami nikageuka pamoja nao, lakini si haraka ya kutosha, nikamwona kijana mwenye tai na shati jeupe akitoa mguu mmoja dirishani, kisha wa pili, akitafuta jiwe kwa ncha ya kiatu, machozi yanamtiririka na anacheka. Akaruka, akajikung'uta, akazunguka nyuma akiwa ameinamisha kichwa. Alikuwa baba kwa dakika mbili, na tayari ametolewa kupitia dirisha langu.

Mwalimu alifungua mkoba wake. Kamba ilikuwemo. Akanipeleka kwenye kona ya jengo, na hapo, kwenye nyasi za ubavuni mwa chumba cha kujifungulia, kulikuwa na mstari wa jivu lililokwisha kufifia na kuchorwa upya mara nyingi, umekatika mahali pamoja kwa upana wa mtu. Sikuhitaji kuuliza ni mlango wa akina nani.

Akanipa ncha ya uzi mwekundu. "Shika hapa. Nikitoka, tunaupima."

Akaingia. Nilisikia sauti yake ukumbini ikimwuliza sista mbona pana giza, kisha mlango wa ndani ukafungwa. Mvua ikaanza, kwanza matone makubwa, halafu yote kwa pamoja kama kawaida ya huku. Wale mama wakakimbilia chini ya kibaraza na vikapu vyao. Yule wa kitambaa cha kijani akanipungia mkono.

"Akitekti! Kuja huku bana, utarowa!"

Nikamwambia bado sijaambiwa niondoke.